Anataka Kwenda Kuwinda Pofu? Kaeni Chini Kwanza!

*Safari ya kwanza ya kuwinda haianzii porini. Inaanzia sebuleni, mkiwa wawili, simu zimezimwa. Leseni, pesa, miguu, ukwe na uaminifu: haya ndiyo mambo ya kumaliza kabla hajafunga begi.*

Tuseme mnaishi Nyarugusu. Mmoja ana duka la vifaa vya wachimbaji, mwingine ni mwalimu au yuko ofisini Geita mjini. Mwaka huu mambo yamekaa vizuri kidogo, na mshiko wa ziada upo. Kiwanja mmeshanunua, bati limeshapanda. Jioni moja mkiwa mnaangalia televisheni, inapita filamu ya Wamarekani wanamfukuzia elk, yule kulungu mkubwa wa milima ya Rocky, na mwenzako anageuka anakwambia, "Na mimi nataka kwenda kuwinda."

Wengi wetu tungecheka. Wengine wangenuna. Lakini ukweli ni kwamba hamu ya kuwinda si wazimu wala si kitu kigeni Kanda ya Ziwa. Wasukuma walikuwa na vyama vyao vya wawindaji muda mrefu kabla ya televisheni: Bayege waliofuata tembo, na Banunguli waliowinda nungunungu na kuimba nyimbo zao. Ukitaka kuona namna jamii hiyo ilivyojipanga, nenda siku moja kwenye makumbusho ya Bujora, kule Kisesa, Mwanza. Sisi hapa elk hatuna. Tuna pofu, ambaye ndiye mkubwa kuliko swala wote wa nchi hii, na mtu anayemtaka anahitaji maandalizi yale yale: miezi ya kujipanga, siyo wikiendi moja.

Tofauti yetu na Mmarekani ni kwamba hapa ukikosea hatua moja hurudi nyumbani mikono mitupu tu. Unaweza usirudi kabisa kwa miaka 20. Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo au hapana, mpenzi msomaji, soma haya.

KWANZA, MJUE HUYO PAFU ANAYEMTAKA

Pofu dume anaweza kufikisha kilo 900 au zaidi kidogo. Huyo ni sawa na ng'ombe wawili wakubwa wa kienyeji. Dume na jike wote wana pembe, zimesokotwa kama bisibisi na zimelala nyuma. Pamoja na mwili wote huo, akishtuka anaruka kizuizi cha zaidi ya mita 2 kama mbuzi. Akitembea, magoti yake yanatoa mlio, "ta, ta, ta", na mwindaji mzoefu anaweza kumsikia kabla hajamwona.

Ni mnyama wa aibu sana. Anahisi mtu akiwa mbali, na akihisi haondoki hatua mia moja halafu akasimama kama kongoni. Anaondoka kwa mwendo wa kunyanyua miguu, na anaweza kwenda hivyo nusu ya siku. Ndiyo maana wanaomfuata wanatembea. Siku nzima, jua kali, kilomita 15 au 20, na jioni wanarudi kambini hawajapiga hata risasi moja.

Watu wa nchi hii wanamjua tangu enzi. Kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, pofu yumo. Mtu aliyechora pale alishamfuata, akamkosa, akamfuata tena. Hivyo kama mwenzako anadhani ni suala la kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili na nyama, mrudishe taratibu duniani.

MWINDAJI NA JANGILI: TOFAUTI NI KARATASI

Hapa ndipo tunaomba usiruke mistari.

Kwenye maeneo ya machimbo kuna njia ya mkato, na kila mtu anaijua. Kuna jamaa anayekuja usiku na kitoweo kwenye gunia. Kuna mwingine anasema, "Bro, leseni ya nini? Nina kijana anajua pori lote, tunaingia Alhamisi tunatoka Ijumaa." Maneno matamu. Lakini Waswahili walishasema, akutwaye na ngozi ndiye mwizi. Kwa sheria za Tanzania, nyama ya mnyamapori usiyo na kibali nayo inahesabika kuwa nyara ya serikali. Mahakama zetu zimeshafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na vipande vya nyama tu, na kifungo kinaweza kufika 30. Haijalishi kama ulipiga wewe au ulinunua tu kwa ajili ya mchuzi. Na ikikutwa kwenye friji ya nyumbani, jiulize ni nani atakayeulizwa kwanza: aliyekuwa kazini, au aliyefungua mlango?

Njia halali ipo, na ni hii kwa kifupi.

Sheria kuu ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Msimamizi ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2016. Raia wa Tanzania anaweza kuomba leseni ya uwindaji wa wenyeji. Leseni inataja mnyama gani, wangapi, eneo gani na muda gani. Ukipewa swala pala mmoja, ukipiga wawili tayari wewe ni mhalifu. Ukipewa dume ukapiga jike mwenye mtoto, hivyo hivyo.

Msimu wa wenyeji huanza 1 Julai na kuishia 31 Desemba. Lakini usikariri. Uwindaji umewahi kufungwa nchi nzima kuanzia 1973 hadi 1978, na huu wa wenyeji nao umeshawahi kusitishwa na kufunguliwa tena miaka ya karibuni. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kununua viatu, ni kwenda kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya au ofisi ya TAWA na kuuliza swali moja: mwaka huu wenyeji wanaruhusiwa wapi, na kwa mnyama yupi? Pofu akiwa hayumo kwenye orodha ya mwaka huo, basi. Kuna ngiri, kuna kongoni, kuna mwakani.

Halafu ujue pori gani ni la nani:

• Hifadhi ya Taifa: huwindi hata digidigi. Mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, ambayo babu zenu wanayakumbuka kama mapori ya akiba, tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Aliyekwambia "pale tunaingiaga" anazungumzia zamani.

• Pori la Akiba: mara nyingi kuna vitalu vya watalii wanaolipa kwa dola na kuongozwa na mwindaji bingwa. Si mahali pa mwenyeji kujiingilia. Kigosi, jirani zetu wa Bukombe, hadhi yake imebadilika zaidi ya mara moja tangu 2019, kwa hiyo usitegemee ramani ya ukutani.

• Pori Tengefu, maeneo ya wazi na maeneo ya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori: hapa ndipo mwenyeji hupangiwa, kwa kibali, na kwenye eneo la jumuiya wanakijiji nao wana kauli.

Bunduki nayo ina sheria yake, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mlango wake ni polisi. Silaha ya kuazima kwa mshkaji bila utaratibu ni kesi nyingine kabisa, hata kama leseni ya mnyama unayo mfukoni.

Na hata ukiwa na karatasi zote, zipo njia zinazokatazwa: kuwinda usiku, kumulika kwa taa kali, kumfukuza mnyama kwa gari, sumu, mitego ya waya, mashimo, kuwasha moto, kumvizia kwenye maji anapokunywa. Twiga haguswi kamwe. Faru haguswi. Kama "mwenyeji wenu" wa safari anapendekeza moja ya hayo, shukeni kwenye gari lake mapema.

PESA: MSIGUSE BAHASHA YA ADA

Hatutakupa bei hapa, kwa sababu ada hubadilika na kila mnyama ana yake. Tunachokupa ni mafungu, ili mwenzako asije na hesabu ya leseni peke yake na kusema "mbona rahisi?"

Andika kwenye karatasi: leseni na vibali. Risasi, za mazoezi na za safari. Gari na mafuta, kwenda na kurudi, pamoja na ile lita 20 ya akiba. Posho ya askari wa wanyamapori atakayeongozana nanyi. Wabebaji. Chakula cha siku zote na siku mbili za ziada. Turubai au hema. Dawa. Chumvi ya nyama. Na fungu la mwisho, ambalo watu wote husahau: pesa ya nyumbani kwa siku ambazo yeye hayupo.

Kwenye mji wa dhahabu tunajua tabia ya pesa. Leo duara limetema, kesho limekauka, keshokutwa karasha limeharibika. Ushauri wetu ni mmoja: safari ya kuwinda ijengewe kibubu chake. Kianze Januari ili Julai ikifika muone kama kimejaa. Kikijaa, nenda kwa amani. Kisipojaa, pofu hawatahama, subiri mwaka ujao. Lakini bahasha ya ada ya shule, kodi ya fremu na matibabu isifunguliwe kwa sababu ya pembe.

Na dada, kama wewe ndiye mwenye hamu ya kuwinda, haya yote yanakuhusu vile vile. Hakuna sheria inayosema mwindaji awe mwanaume.

MIGUU KABLA YA BUNDUKI

Mwindaji wa elk kule Marekani anaanza kupanda milima miezi mitatu kabla ya msimu. Wetu anaamka siku ya safari na kitambi chake. Hapo ndipo fedheha inapoanzia.

Mpe ratiba, na kama unaweza mfanye wote, maana ni mazoezi mazuri ya wawili. Geita haina upungufu wa vilima.

*Mwezi wa kwanza:* tembeeni kilomita 5 asubuhi, mara nne kwa wiki, mkiwa na viatu vile vile vitakavyokwenda porini. Kiatu kipya porini ni malengelenge, na malengelenge ndiyo mwisho wa safari.

*Mwezi wa pili:* kilomita 8 hadi 10, na begi mgongoni lenye kilo 5 za mchele. Pandeni kilima mara moja kwa wiki.

*Mwezi wa tatu:* Jumamosi moja kila wiki, kilomita 15, kilo 10, jua la saa sita likiwemo. Jifunzeni kunywa maji kidogo kidogo. Anayelalamika kwenye barabara ya Nyarugusu atalalamika zaidi kwenye pori la miombo.

Kulenga kunafanyiwa mazoezi sehemu iliyoruhusiwa na polisi, siyo nyuma ya shamba la shemeji. Anayeanza ajifunze kupiga akiwa ameegemeza bunduki kwenye fito tatu zilizofungwa juu, kama wafanyavyo waongozaji, kwa umbali wa mita 100 hivi. Kwa mnyama mwenye mwili wa pofu, wazoefu wengi hutaja kaliba .375, na ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuanzia kwa wanyama wakubwa. Lengo ni moyo na mapafu, nyuma ya bega. Kichwa waachie wacheza sinema.

Kuna sheria ya moyoni pia: kama huna uhakika, usipige. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbia ni deni lako. Sheria inakutaka umfuate hadi umalize, na akiwa ni wa hatari utoe taarifa. Lakini hata bila sheria, mtu anayeweza kumwacha kiumbe akife siku tatu kichakani kwa sababu amechoka, huyo tungependa umwangalie mara mbili kabla ya ndoa.

MAVAZI: ACHA MABAKA MABAKA

Kwenye intaneti wawindaji wa elk wamevaa nguo za mabaka kutoka kofia hadi soksi. Hapa kwetu, ndugu yangu, usithubutu. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia wenye nguo hizo kuzisalimisha. Fikiria mtu mwenye mabaka, ana bunduki, yuko porini. Atajieleza kwa nani?

Chagua kaki, kijani kibichi kilichofifia au kahawia. Kwepa bluu na nyeusi, siyo kwa ajili ya mnyama bali kwa ajili ya mbung'o. Rangi hizo ndizo zinazowavuta, hadi mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Mapori ya magharibi yanao wengi, wanauma kupitia shati jepesi, na ndio wanaoeneza malale. Mikono mirefu, suruali nene, kofia yenye ukingo.

Manukato? Acha nyumbani. Pofu anasikia harufu kabla hujamwona. Wazoefu hubeba kimfuko cha majivu, wanakitikisa kidogo na kuangalia vumbi linaelekea wapi. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, mmeshaonana.

AFYA: USIRUDI NA KITU KISICHO NYAMA

Chandarua na dawa ya kupaka ya mbu ni lazima. Akirudi, homa yoyote ndani ya wiki kadhaa isipewe jina la uchovu. Apime malaria, na amwambie daktari kwamba alikuwa porini kwenye mbung'o.

Aking'atwa na nyoka: msichanje, msinyonye, msifunge kamba kali. Mtulizeni, mguu usitingishwe, gari liwashwe. Ndiyo maana kambi isikae mahali ambapo gari haliwezi kutoka. Kumbuka pia udongo mweusi wa mbugani: mvua za Oktoba na Novemba zikianza, gari linazama. Julai hadi Septemba nyasi ni fupi na njia ni kavu.

Mnyama aliyekutwa amekufa haliwi, hata kama anaonekana mbichi. Kimeta kinaua wanyamapori na kinahamia kwa anayechuna. Na mapangoni msiingie kutafuta kivuli. Mkoa jirani wa Kagera umepata mlipuko wa Marburg mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025, huu wa pili ukiwa Biharamulo, siyo mbali na kwetu. Virusi hivyo vinahusishwa na popo wanaokula matunda, wanaokaa mapangoni na kwenye mashimo ya migodi ya zamani. Mlipuko wa pili ulitangazwa kumalizika Machi 2025, lakini popo wapo palepale.

NYAMA ITAGAWIWAJE? ULIZENI WAKWE MAPEMA

Tuseme amempata. Kilo mia kadhaa za nyama, jua la saa nane, kijiji kiko mbali. Hapa ndipo safari nyingi zinaharibika, kwa maana halisi ya neno. Mnyama apasuliwe mara moja, matumbo yatoke, nyama ipate kivuli na hewa. Inayobaki ikatwe vipande vyembamba, itiwe chumvi na kuanikwa. Kwa hiyo wabebaji na visu vikali si anasa.

Swali la pili: nani anachinja? Kama nyumbani kuna Waislamu, au jirani mtakaowapelekea ni Waislamu, lazima awepo mtu wa kumwahi mnyama akiwa bado hai na kumchinja kwa utaratibu. Vinginevyo mtarudi na kibudu, na mama mkwe hatagusa. Hili linapangwa kabla ya kuondoka, siyo kwa simu kutoka porini.

Swali la tatu ni la ukoo. Kanda ya Ziwa, kwa Wazinza, Wahaya na wengine, koo nyingi zina mnyama wa mwiko. Inawezekana wewe huna shida na pongo, lakini kwa mkeo ukoo mzima haumli, na kumleta jikoni kwake ni dharau. Mpigie simu baba mkwe. Mwambie, "Shikamoo baba, natarajia kwenda kuwinda mwezi wa saba kwa kibali. Naomba kujua kama kuna mnyama ambaye kwenu hatumgusi." Utashangaa heshima utakayoipata kwa swali hilo moja, hata ukirudi bila nyama.

Pembe na ngozi nazo zina hati yake ya umiliki. Uliza kabla hujatundika sebuleni. Na ukisafirisha nyama barabarani, leseni iwe kwenye gari, siyo kabatini.

UAMINIFU: HADITHI YA ZAMANI INAYOTUHUSU

Sasa tuje kwenye lile ambalo watu hawasemi.

Zamani, katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, mwindaji akikosa nyama au akijeruhiwa na simba, lawama zilikwenda nyumbani. Imeandikwa hivyo kuhusu Wagogo: mume akipata balaa porini, ilidhaniwa mkewe amefanya mambo yasiyofaa huku nyuma. Mwanaume alikwenda na mkuki, mwanamke alibaki na kesi.

Leo hatusemi hivyo kwa sauti, lakini chembe zake zipo. Anarudi amechoka, hajapata kitu, pesa imekwisha, na cha kwanza anachouliza ni "jana usiku mbona simu ilikuwa inatumika?" Au kinyume chake: simu yake haipatikani siku tatu, na wewe huku unawaza pori hilo lina mahema mangapi na nani yumo.

Dawa ni kukubaliana mapema, kwa maneno yanayoeleweka:

• Mnaondoka nani na nani, kwa majina, na namba ya simu ya kila mmoja ibaki nyumbani. Namba ya ofisi ya wanyamapori pia.

• Pori halina mtandao. Chagueni siku na saa ambayo gari litasogea mahali penye mtandao. Ikipita saa 24 baada ya hapo bila taarifa, anayebaki apige simu ofisini, asikae kulia.

• Tarehe ya kurudi ni tarehe. Anayeongeza siku bila taarifa kwa sababu "tulikuwa tumemkaribia" anawindwa yeye na watu wa uokoaji.

• Akirudi mikono mitupu, hakuna kulaumiana wala kuchekana mbele ya watoto.

Hilo la mwisho si dogo. Mwandishi Ernest Hemingway alikuja Tanganyika mwaka 1933 pamoja na mkewe wa wakati huo, Pauline, na kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo kilitoka 1935. Sehemu kubwa ni kumtafuta tandala siku baada ya siku. Mwisho anapata, na wazuri. Anarudi kambini moyo umejaa, anakuta mwenzake amepiga mwenye pembe kubwa kuliko za kwake. Furaha ikaingia shubiri. Mtu mzima, na safari nzima nusura iharibiwe na sentimita za pembe. Kama mwenzako ni wa kushindana kwa kila kitu, pori halitamponya, litamkuza.

NA KAMA HUTAKI AENDE?

Sema. Lakini sema sababu. "Sipendi" si sababu, ni mlango uliofungwa. "Naogopa risasi", "tuna deni la benki", "rafiki zako hao wawili siwaamini": hizo ni sababu, na kila moja ina jibu lake. Labda jibu ni kubadilisha marafiki, labda ni kusubiri mwaka mmoja.

Na njia za katikati zipo. Kama hamu yake ni nyama ya porini, kanuni za mwaka 2020 zilifungua njia ya mabucha ya nyamapori yenye leseni. Ananunua, anapewa risiti, mnakula bila kuangalia dirishani. Kama hamu yake ni pori lenyewe, kisiwa cha Rubondo kiko kwenye ziwa letu hili hili, na mnavuka kwa boti kutoka Nkome. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina nzohe wanaoishi kwenye matete, tembo, na sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960 na kuachiwa huru. Mnakwenda wawili, mnarudi wawili, na picha. Wapo waliokwenda Rubondo kwanza, wakaamka saa kumi na moja alfajiri, wakaumwa na wadudu, wakagundua kwamba wanachokipenda ni televisheni. Bora kugundua hivyo.

MJIPIME: MASWALI 8 YA WAWILI

Kila mmoja ajibu kwenye karatasi yake bila kuchungulia, halafu mlinganishe.

1. Leseni tumeiuliza ofisini, au tumeambiwa na mtu?
2. Bunduki ni ya nani, na karatasi zake tumeziona kwa macho?
3. Kibubu cha safari kimejaa bila kugusa ada na kodi?
4. Anaweza kutembea kilomita 15 na begi leo hii?
5. Anaoongozana nao ningewaachia mtoto wangu kwa siku moja?
6. Wakwe wameulizwa kuhusu mwiko na kuchinja?
7. Saa ya kupiga simu na tarehe ya kurudi zimeandikwa?
8. Akirudi bila kitu, nitampokeaje?

Mkipata "ndiyo" kwenye maswali saba ya kwanza, na jibu la nane likawa ni chai ya moto na maji ya kuoga, basi mko tayari. Majibu yakitofautiana sana, msigombane. Hapo mmegundua tu mahali pa kuanzia mazungumzo, na Julai bado iko mbali.

Ikiwa jibu la swali la kwanza ni "tumeambiwa na mtu", weka karatasi chini. Kesho asubuhi nendeni wote wawili ofisi ya wanyamapori mkaulize wenyewe.